Kiwanja cha Sita: Safari ya Kocha Mkuu wa Tenisi ya Wanawake Chuoni

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu wa michezo, makocha na wanafunzi.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kocha mkuu wa tenisi ya wanawake katika vyuo vikuu vya Marekani. Badala ya kuigusa kazi hiyo juu juu, nimeona ni heri nimchukue mtu mmoja, Lele Forood wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, aliyeiongoza timu ya wanawake ya chuo hicho kuanzia mwaka 2000 hadi alipostaafu mwaka 2023. Katika kipindi hicho Stanford ilitwaa mara 10 ubingwa wa taifa wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo. Sikuja kuhesabu vikombe, hata hivyo. Ninalotaka tulitazame ni kwamba kocha wa aina hii, ajapokuwa na nyota wa kutosha, hupimwa kwa mchezaji ambaye watazamaji wengi hawamjui hata jina, yule anayecheza kiwanja cha sita.

Kwa wasioufahamu mpangilio wa mchezo huo, nieleze kwa ufupi. Timu mbili zinapokutana, huanza na michezo mitatu ya wawili wawili, na timu itakayoshinda miwili kati ya hiyo hupata pointi moja tu. Kisha wachezaji sita wa kila upande huingia kwenye michezo ya mmoja mmoja, kwa kawaida wote kwa wakati mmoja, katika viwanja vilivyopangwa sambamba, na kila ushindi huleta pointi moja. Jumla ni pointi 7, na anayefikisha 4 kwanza ameshinda. Maana yake ni kwamba ushindi wa msichana wa kiwanja cha kwanza, ambaye pengine keshokutwa tutamwona kwenye mashindano ya kulipwa, una uzito uleule wa ushindi wa mwenzake wa kiwanja cha sita.

Huenda mtu akajiuliza: kwa nini basi kocha asimfiche mchezaji wake bora kule chini, amwonee mnyonge wa upande wa pili? Kanuni hazimruhusu, kwa sababu wachezaji hupangwa kwa kufuata uwezo wao, na kocha wa timu pinzani anaweza kupinga mpangilio anaoutilia shaka. Hapo ndipo ilipo sehemu ngumu ya kazi hii, na kwa maoni yangu ni ngumu kuliko kufundisha mkono wa nyuma. Karibu kila msichana anayefika katika chuo kama Stanford alikuwa wa kwanza huko alikotoka, amelelewa akiwa peke yake upande wake wa wavu, na wazazi wamemzungusha mashindano kwa mashindano tangu utotoni. Siku moja kocha humwita pembeni na kumwambia kwamba Jumamosi atacheza namba tano, au kwamba hatacheza kabisa. Jinsi maneno hayo yanavyosemwa na jinsi yanavyopokelewa huamua mambo ambayo mazoezi ya mwezi mzima hayawezi kuyarekebisha.

Forood alikuwa ameyaona hayo kutoka pande zote. Yeye mwenyewe alisoma na kucheza Stanford katika miaka ya 1970, na alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa wa vyuo wa wanawake mwaka 1978, wakati ambapo NCAA ilikuwa bado haijaanza kuandaa mashindano ya wanawake. Alicheza tenisi ya kulipwa, kisha akarudi chuoni kuwa msaidizi wa kocha Frank Brennan, na kazi hiyo ya usaidizi akaifanya kwa zaidi ya miaka 10. Ningeomba tusiupite muda huo haraka. Brennan alikuwa mtu wa ushindi wa kupindukia: aliipatia Stanford ubingwa wa NCAA mara 10, ukiwemo ule wa kwanza kabisa wa wanawake mwaka 1982, na mara 6 mfululizo kuanzia 1986 hadi 1991. Kumrithi mtu wa namna hiyo ni mtihani, maana ukishinda watasema umeikuta timu tayari, na ukishindwa watasema umeivunja.

Alishinda ubingwa katika msimu wake wa kwanza, mwaka 2001, na tena mwaka 2002. Misimu ya 2004, 2005 na 2006 ilikuwa ya ajabu zaidi, kwani timu yake haikupoteza mchezo hata mmoja katika misimu yote mitatu. Mfululizo huo wa ushindi ulifika 89 kabla ya kukatika mwaka 2007. Hesabu kama hiyo hupendwa sana na waandishi wa habari, nami sidharau, ila inaficha kitu. Timu inayoshinda kila siku haikuonyeshi kocha anafanya nini. Ili kumwona Forood vizuri, itazameni miaka ambayo timu yake haikutazamiwa kufika mbali.

Mwaka 2013 Stanford iliingia katika mashindano ya taifa ikiwa imepangwa ya 12 katika orodha ya timu bora, nafasi ambayo hakuna bingwa aliyewahi kutokea. Ikafika fainali na kuifunga Texas A&M kwa pointi 4 kwa 3. Mwaka 2016 ilipangwa ya 15, ikaifunga Oklahoma State katika fainali, tena 4 kwa 3. Mwaka 2018 ilipangwa ya 15 vilevile, ikaifunga Vanderbilt, na matokeo yakawa yale yale, 4 kwa 3. Mtu akipata bahati mara moja tutamwelewa, lakini fainali tatu zilizoamuliwa kwa pointi ya saba, zote zikaangukia upande mmoja, zinatuambia kwamba kuna kazi iliyofanyika mapema.

Hebu mpige picha ya pointi hiyo ya saba. Matokeo ni 3 kwa 3. Viwanja vitano vimekwisha kunyamaza, na wachezaji waliomaliza wameketi kando ya kiwanja kimoja kilichobaki, taulo shingoni, wengine wakishikana mikono. Msichana aliyebaki yumo katika seti ya tatu. Hadi dakika chache zilizopita alikuwa akicheza mchezo wake kati ya sita, na sasa ghafla mchezo wa chuo kizima ni wake. Wanapobadilishana pande anaketi kwa sekunde 90, na katika tenisi ya vyuo kocha anaruhusiwa kuja kuketi au kuchutama mbele yake, jambo ambalo kwa miaka mingi tenisi ya kulipwa ililikataza. Sisi tuliozoea kocha wa soka anayepiga kelele kutoka kwenye mstari tunaweza kudhani kwamba huo ndio wakati wa kutoa mbinu zote. Sivyo. Mchezaji aliyechoka hawezi kubeba maagizo matano. Kocha mzoefu humpa jambo moja, pengine mahali pa kuelekeza mpira wa kwanza, kisha hunyamaza na kumwachia maji yake ya kunywa.

Neno hilo moja hupata uzito wake kutokana na miezi iliyotangulia. Michezo ya timu huanza Januari na kufikia kilele Mei, na kanuni humpa kocha saa zisizozidi 20 kwa wiki za kuwa na wanafunzi wake katika msimu, kwa sababu hao ni wanafunzi kwanza, wana maabara na mitihani. Kocha mwenye haraka huzitumia saa hizo kwa wachezaji wake wawili wa juu ili ashinde Februari, ilhali mwenye subira hukubali kupoteza baadhi ya michezo ya mapema. Timu za Forood zilizopangwa ya 12 na ya 15 zilikuwa zimepoteza michezo kabla ya Mei, lakini Mei ilipofika zilishinda.

Jambo hili si la mbali nasi. Mkenya Angella Okutoyi, aliyeshinda taji la wawili wawili la vijana la Wimbledon mwaka 2022, alikwenda kucheza katika Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Wasichana wengine wa kanda yetu watafuata njia hiyo, na mzazi atakayeletewa barua ya ufadhili wa masomo asiishie kuuliza chuo kina viwanja vingapi. Amuulize kocha ni nini kilimpata mchezaji wake wa sita wa mwaka juzi.

Forood alipostaafu, ubingwa wake 10 ulikuwa sawasawa na ule 10 wa Brennan. Timu ikakabidhiwa kwa Frankie Brennan, mtoto wa Frank, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameketi kando ya Forood akiwa msaidizi, kama vile Forood alivyoketi kando ya Frank.

Ahsanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali.