Balangiga: Mji Ulioishi Chini ya Kengele

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Leo nawapeleka Balangiga, kusini mwa kisiwa cha Samar, nchini Ufilipino. Ni manispaa, ila neno hilo lisitupotoshe. Kwetu manispaa ni mji mkubwa. Kule ni vijiji vya wavuvi na wakulima wa minazi vyenye meya mmoja, kanisa moja na uwanja mmoja katikati. Balangiga ina barangay 13 tu, yaani vitengo vidogo kabisa vya utawala.

Neno barangay linatokana na balangay, yaani chombo cha baharini. Kabla ya Wahispania, jamaa waliokuwa chini ya datu mmoja, yaani chifu, waliitwa kwa jina la chombo. Wahispania hawakumwondoa datu, bali walimgeuza mkusanya kodi. Watu waliotawanyika nao wakavutwa waje kuishi karibu na kanisa, na mpaka wa mji ukapimwa kwa sikio. Anayesikia kengele ni wa mji, asiyeisikia ni mtu wa porini. Naomba mlishike hili la kengele.

Baadaye Wamarekani waliitwaa nchi kutoka kwa Wahispania. Agosti 1901 iliingia Balangiga kombania yao, askari 74, chini ya Kapteni Thomas Connell. Mji ulikuwa na rais wake wa mtaa, ndivyo meya alivyoitwa wakati ule, Pedro Abayan, na mkuu wa polisi, Valeriano Abanador. Connell akaamuru wanaume wafyeke vichaka. Usiku walifungiwa ndani ya mahema machache, wamebanana hata pa kulala hapana. Mapanga yao yakachukuliwa, na mchele wao pia. Fikirieni mkulima asiye na panga wala akiba ya chakula, na mvua zinakuja.

Asubuhi ya tarehe 28 Septemba askari walikuwa wamekaa wanakula. Abanador alipita karibu na mlinzi wa zamu kama apitavyo siku zote, akamnyang'anya bunduki, akampiga nayo kichwani. Kengele zikalia. Wanaume wakatoka na mapanga kila upande. Wamarekani 48 walikufa.

Jambo ambalo nimelifikiria kwa miaka mingi ni hili: waliopanga shambulio hilo ndio waliokuwa serikali ya mtaa. Vitabu vingi viliwaita majambazi, lakini mkuu wa polisi wa mji alikuwa anawalinda watu wake, na ndiyo kazi yake.

Kisasi kilikuwa kikali. Jenerali Jacob Smith aliamuru wauawe wote wenye uwezo wa kushika silaha, kuanzia umri wa miaka kumi. Kwa amri zake alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 1902, adhabu ikawa karipio tu, kisha Rais Roosevelt wa Marekani akamstaafisha. Mji ulichomwa, na kengele tatu za kanisa zikachukuliwa kama ngawira. Mbili zilipelekwa Wyoming, na ya tatu ikabaki na kikosi, hata ikafika Korea Kusini.

Mji uliochomwa ulijengwa upya. Leo unaendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1991. Meya huchaguliwa kwa miaka mitatu, asizidi vipindi vitatu mfululizo. Baraza linaongozwa na naibu wake, si yeye, utaratibu ambao mimi naupenda sana, maana anayetumia fedha hakalii kiti cha wanaomkagua. Kila barangay ina mwenyekiti wake na madiwani saba. Katika mgawo wa kodi za taifa unaokwenda mitaani, manispaa zote hupata asilimia 34 na barangay asilimia 20. Angalau asilimia 5 ya mapato ya manispaa hutengwa kwa ajili ya majanga, na hapo hakuna anayeuliza sababu: Novemba 2013 kimbunga Yolanda kilipiga pwani hii kikaezua mapaa.

Miaka yote hiyo mnara wa kengele ulikuwa hauna kengele zake. Kila Septemba 28 wenyeji waliigiza upya asubuhi ile hapo uwanjani, wazee wakiwafundisha vijana nani alisimama wapi.

Tarehe 15 Desemba 2018, baada ya miaka 117, kengele zote tatu zikarudi. Hazikuwekwa makumbusho, zilikabidhiwa parokia. Alfajiri ya pili yake, giza bado halijatoka, ziliwaita watu kwenye misa ya kwanza kati ya zile tisa za kungojea Krismasi.