Yule Unayemjua Kidogo Ndiye Mwenye Taarifa

Asanteni sana, kaeni tu, na nyie wa kule mlangoni sogeeni mbele viti vipo.

Mimi naandika programu, niko Mwanza, na nilipoanza ofisini tulikuwa wawili na mwenzangu alikuwa anajua kile kile ninachokijua mimi, tukikwama tunakwama wote. Hapo ndo shida ilipo. Watu wako wa karibu, mmesoma pamoja, mnakaa mtaa mmoja, taarifa zenu ni zile zile, nafasi ya kazi ikitoka ama wote mmeiona ama hakuna aliyeiona.

Kuna msomi wa Marekani anaitwa Mark Granovetter, mwaka 1973 alichapisha utafiti wake, alihoji watu wa Newton, Massachusetts, akachukua wale waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu akawauliza, huyo mtu mlikuwa mnaonana mara ngapi? Waliosema mara kwa mara hawakufika 17 katika kila 100. Karibu 56 wakasema mara moja moja, na karibu 28 wakasema ni mtu wanayeonana naye mara moja kwa mwaka au hata mwaka unapita hawajaonana. Halafu 2022 ukatoka mwingine kwenye jarida la Science, watu zaidi ya milioni 20 wa LinkedIn, ule mtandao wa kujuana kikazi, nao ukaonyesha wanaosaidia zaidi kwenye kupata kazi ni wale wa kujuana kiasi, sio marafiki wa ndani.

Sasa huyo wa kujuana kiasi unampataje ukiwa na simu na bando la wiki? Hapa vijana wengi mnakosea, nawaambia kwa upendo kabisa. Unafungua profaili, unaomba urafiki kwa watu 500, kila mmoja unamtumia "habari bosi naomba kazi". Hajaona hata mstari mmoja wa kazi yako, atakupeleka wapi?

Anza na swali. Mimi mara ya kwanza niliandika kwenye grupu la mafundi wenzangu "jamani programu inagoma nisaidieni", siku tatu kimya. Nikaandika upya: nilitaka ifanye nini, inaleta maneno gani ikigoma, nimeshajaribu moja mbili tatu. Usiku ule ule akajibu kaka mmoja wa Mombasa ambaye mpaka leo hatujaonana uso kwa uso, na nilipotatua nikarudi nikaandika nimetatuaje, ili anayekuja nyuma asiteseke. Hiyo ya kurudi ndo watu wanaikumbuka, kwasababu wengi wakishapona wanapotea. Miezi kadhaa baadaye ni yeye aliyenitafuta, kuna kazi kwao wanahitaji mtu, akasema nimekumbuka unavyoelezea.

Na angalieni Ushahidi, ile ramani ya mtandaoni iliyoanzia Kenya. Januari 2008, vurugu za baada ya uchaguzi, mwanablogu Ory Okolloh akaandika kwenye blogu yake akiomba mafundi watengeneze ramani ya kuonyesha mambo yanatokea wapi. Walioitikia ni Erik Hersman na David Kobia, wao walikuwa Marekani, Juliana Rotich naye akaingia, na ndani ya siku chache ramani ikawa hewani watu wanatuma taarifa. Unadhani ingewezekana kama ndo wanatafutana siku ile? Walishakuwa wanasomana kwenye blogu, kila mmoja anajua mwenzake anaweza nini, dharura ikawakuta tayari wanajuana.

Kwahiyo kama wewe ni nesi, mwalimu, mhasibu, tafuta sehemu moja tu ambako watu wa kazi yako wanajadili kazi, sio grupu la kutumiana maua asubuhi. Soma wiki mbili kwanza ujue wanaongeaje. Na siri za mgonjwa au za ofisi usiweke, hata ukificha jina.

Leo kabla ya kulala kila mmoja aandike swali moja linalomkwamisha kazini, na alichokwisha kujaribu. Namba yangu iko ubaoni, nitumieni kabla hamjaposti popote, nitasoma yote na nitawajibu.