Mjamzito Asisimamishwe Kutwa

Ndugu zangu akina mama, nanyi akina baba mliowasindikiza,

Jambo hili nimelisema kila nilipopewa nafasi, na leo nalirudia kwa sababu bado nawaona wajawazito wakinunua dawa za kuchua kwa ajili ya mishipa iliyovimba miguuni, ilhali hakuna nyumbani wala kazini aliyefikiria kuwapa kigoda.

Katika ujauzito damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu, homoni ya projesteroni hulegeza kuta za vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, na mji wa mimba unaokua hukandamiza vena kubwa inayoirudisha damu moyoni. Damu ya miguuni hupandishwa na misuli ya shavu la mguu, ambayo kila inapokaza huisukuma juu, na vali ndogo ndani ya vena huizuia isirudi. Mama anapotembea, kazi hiyo inafanyika. Anaposimama mahali pamoja, misuli imetulia, damu hutuama, vena hutanuka hadi vali zishindwe kufunga, na ndipo mnapoiona mishipa iliyojipinda chini ya ngozi.

Mtaniambia kwamba bibi zetu walilima hadi siku ya kujifungua na hawakulalamika. Bibi zetu shambani walikuwa wakitembea, wakiinama na kuinuka. Hawakusimama kwa muda wa saa nane nyuma ya kaunta ya duka ambako mwajiri amekataza kukaa. Tena wengi wao walikuwa na mishipa hiyo, wakaifunika kwa kanga, nasi tukadhani haipo. Mtaniambia pia kwamba kazi haingoji. Simwambii mama lishe afunge kibanda chake. Namwomba akatie vitunguu akiwa ameketi, ainuke kila baada ya nusu saa na kutembea hatua chache, na akilazimika kusimama, apandishe na kushusha visigino. Kuketi kutwa bila kujongea nako hakufai, na katika hili fundi anayekanyaga cherehani ana nafuu kuliko karani wa ofisini. Mwajiri anayemnyima mjamzito kiti anamdhuru, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa upole.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, linataja soksi za kubana, kuinua miguu na kuitumbukiza majini kuwa njia za kuleta nafuu. Soksi hizo zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, wala si soksi za kawaida zenye mpira unaokaba chini ya goti. Usiku lala kwa ubavu, hasa wa kushoto. Vena za sehemu za siri nazo huvimba. Mwambieni mkunga bila haya. Kwa wengi hali hupungua miezi michache baada ya kujifungua, kwa hiyo upasuaji hungoja.

Muda unanibana, lakini hili sitaliacha. Mguu mmoja, mara nyingi wa kushoto, ukivimba, ukauma na kupata joto, asiuchue mtu yeyote, kwa kuwa huenda kuna donge la damu linaloweza kusafiri hadi mapafuni. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na kama kuna maumivu ya kifua au pumzi inakatika, msingoje hata saa moja. Vena ikipasuka na kutoa damu, mama alale chini, mguu uinuliwe, pakandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia, na wakati huo mwingine atafute usafiri.