Ushauri wa lishe ni sehemu ya matibabu: udai unapofika kituo cha afya

Ndugu zangu watazamaji, hamjambo? Wazazi wangu na wakubwa wangu mnaonifuatilia kutoka nyumbani, shikamooni. Wengi wenu mnafahamu kwamba huku ughaibuni ninafanya kazi ya uuguzi katika kituo cha huduma ya afya ya msingi, yaani pale mgonjwa anapofika kwanza kabla hajapewa rufaa ya kwenda hospitali kubwa. Leo naomba tuzungumze kuhusu lishe, lakini si kwa namna ile ya kutajiana vyakula vya kupunguza tumbo. Nazungumzia lishe kama sehemu ya matibabu, ambayo mgonjwa anastahili kuipata kituoni kama anavyostahili kupata dawa, na ambayo mara nyingi huikosa bila hata kujua kwamba ameikosa.

Jambo hili halikuanza jana. Mwezi Septemba mwaka 1978, wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wa Alma-Ata, ambao wakati huo ulikuwa ndani ya Muungano wa Kisovieti, wakatoa azimio la kueleza huduma ya afya ya msingi ni kitu gani. Miongoni mwa mambo waliyoyataja kuwa ya lazima ni upatikanaji wa chakula na lishe bora, sambamba na chanjo, maji safi, huduma ya mama na mtoto na dawa muhimu. Kwa hiyo mhudumu akikupima shinikizo la damu, akakuandikia dawa, kisha akakuambia "ujitahidi kula vizuri" huku macho yake yako mlangoni kwa mgonjwa anayefuata, ujue umepata nusu ya huduma.

Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wenzangu, kwa sababu muda wenyewe ni mdogo sana. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2017 ulikusanya takwimu za nchi 67, ukaonyesha kwamba katika nchi 18, ambazo kwa pamoja zina takriban nusu ya watu wote duniani, daktari wa huduma ya msingi hukaa na mgonjwa kwa dakika tano au pungufu. Ongeza hapo ukweli kwamba somo la lishe hupewa nafasi finyu katika vyuo vingi vya udaktari, nawe utaelewa kwa nini ushauri huishia kwenye sentensi moja. Hata hivyo naamini kabisa kwamba hata dakika tano zinatosha kuanza vizuri, mradi mhudumu na mgonjwa wote wawili wajue cha kuulizana.

Mwanzo wenyewe ni kupima. Uzito na kimo vichukuliwe, na vilinganishwe na vile vilivyoandikwa safari iliyopita, kwa maana namba moja peke yake haisemi mengi kama inavyosema mabadiliko yake. Mtu mzima aliyekuwa na kilo 60 akashuka hadi 57 ndani ya miezi mitatu hadi sita, bila kukusudia kupungua, amepoteza asilimia tano ya uzito wake, na hapo mhudumu anapaswa kuanza kutafuta sababu. Akifika kilo 54, hatari imekuwa kubwa. Naomba mlishike hili hasa kwa watu wanene, maana mtu mwenye kilo 95 aliyeshuka kutoka 106 husifiwa na kila anayemwona, kumbe pengine anaumwa, misuli inapungua, na hakuna aliyemuuliza kama amekusudia kupungua.

Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kuna kipimo rahisi kuliko vyote, nacho ni utepe wenye rangi unaozungushwa mkononi. Mkono wa kushoto huachwa uning'inie ukiwa umelegea, hutafutwa sehemu ya katikati baina ya ncha ya bega na kiwiko, na utepe huzungushwa hapo ukigusa ngozi bila kuibana wala kuacha nafasi. Kipimo kikiwa chini ya milimita 115, ambayo ni sehemu nyekundu, mtoto ana utapiamlo mkali. Kikiwa kati ya 115 na 125, ambayo ni sehemu ya njano, ana utapiamlo wa kadiri. Mama yeyote anaweza kufundishwa kupima hivi, na katika programu nyingi akina mama hupewa utepe wao wakae nao nyumbani. Lakini utepe hauoni kila kitu. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini ya nyayo, kwa sekunde tatu, kisha uondoe. Ukiona vishimo vimebaki kwenye miguu yote miwili, huo ni uvimbe, na mtoto huyo apelekwe kituoni siku hiyo hiyo hata kama utepe umeonyesha kijani na mashavu yake yanaonekana kunona.

Baada ya kupima, kuna kuuliza. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulikula nini na ulikunywa nini?" Ukimuuliza mtu kama anakula vizuri, atajibu kwamba anakula vizuri, na hapo mazungumzo yameisha. Ukimuuliza kuhusu jana, atakumbuka soda aliyokunywa akiwa njiani, atakumbuka kwamba mchana alipitiwa na kazi hakula kitu, na ataanza mwenyewe kuona mahali pa kurekebisha. Mgonjwa wa shinikizo la damu hukuambia kwa moyo safi kwamba hatumii chumvi, kwa kuwa haongezi mezani, ilhali chumvi yake iko kwenye mkate, kwenye michuzi ya kopo na kwenye viungo vya kiwandani vinavyotiwa jikoni. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu tano za chumvi kwa siku, kiasi kisichozidi kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha chumvi yote iliyojificha. Ndiyo maana nashauri anayepika naye aingie chumba cha ushauri pamoja na mgonjwa, kwa sababu maelekezo ya chumvi yakipewa mtu asiyeshika mwiko hayafiki kwenye sufuria.

Wapo wanaodhani ushauri wa chakula ni kitu cha kujazia tu, na kwamba kazi ya kweli hufanywa na vidonge. Kwao naleta mfano wa utafiti uitwao DiRECT, ambao matokeo yake ya mwaka wa kwanza yalitolewa mwaka 2017. Haukufanyika katika hospitali ya rufaa. Ulifanyika katika vituo vya kawaida vya huduma ya msingi huko Uskoti na eneo la Tyneside nchini Uingereza, na waliowasimamia wagonjwa walikuwa wauguzi na wataalamu wa lishe wa vituo hivyo. Watu wenye kisukari cha aina ya pili, ambao walikuwa na uzito mkubwa, walikuwa wamegunduliwa ndani ya miaka sita na hawakuwa wakichoma insulini, walipewa mlo maalumu wa nishati ndogo, takriban kilokalori 850 kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishwa kwenye chakula cha kawaida hatua kwa hatua huku wakiendelea kuonana na mhudumu yule yule. Baada ya miezi 12, asilimia 46 yao sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Kwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa asilimia 86.

Nawasihi, asiondoke mtu hapa akaenda kujifungia nyumbani kujaribu mlo huo peke yake. Dawa za wagonjwa wale zilisimamishwa kwa mpango chini ya uangalizi, na mtu anayeendelea kumeza dawa fulani za kushusha sukari huku amekata chakula ghafla anaweza kuishiwa sukari mwilini na kupoteza fahamu. Ninachotaka mkione ni kwamba muuguzi wa kituo cha kawaida, akiwa na mpango na akiwa na tarehe za kumwona tena mgonjwa wake, aliweza kupata matokeo hayo.

Kuna pia suala la chakula kugusana na dawa, ambalo watu wengi hawaelezwi. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu isigande huambiwa mitaani aache kabisa mboga za majani, kwa kuwa zina vitamini K inayopunguza nguvu ya dawa hiyo. Ushauri sahihi ni kula kiasi kinacholingana wiki hadi wiki, kwa sababu dozi yake hupangwa kwa kufuata hali ya damu yake; akiacha ghafla, au akizidisha ghafla, ndipo dozi inapokosea. Vidonge vya madini ya chuma visinywewe na chai, kwani chai hupunguza ufyonzaji wake. Na anayetumia metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi aulizie kupimwa vitamini B12, ambayo inaweza kupungua polepole bila yeye kujua.

Kwa dada zangu mnaotarajia kubeba mimba, msisubiri kliniki ya wajawazito. Mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku zinapaswa kuanza kabla ya mimba, kwa kuwa sehemu inayokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban wiki nne baada ya mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua hata kwamba ni wajawazito.

Kundi linaloniumiza zaidi ni wazee wetu. Mzee mwenye kisukari, shinikizo la damu na matatizo ya figo hupita kwa wahudumu watatu, na kila mmoja humpa orodha yake ya vitu vya kuacha, kisha sisi watoto tulioko mbali tunamwongezea nyingine kwa simu. Akizifuata zote, hana anachobaki nacho sahani. Wapelekeeni orodha hizo zote kwa mhudumu mmoja azipitie pamoja nanyi, na mwombe aseme kwa uwazi nini kiliwe, kiasi gani na mara ngapi. Akiona ni vigumu, mwombeni rufaa kwa afisa lishe, na msiondoke bila tarehe ya kurudi kupimwa uzito. Nasi tulioko huku, tunapopiga simu, tumuulize kama nguo zinampwaya na kama mkanda umesogezwa tundu, na jibu likiwa ndiyo, aliye karibu naye ampeleke kituoni wiki hiyo hiyo bila kusubiri siku yake ya kliniki.