Change, adjust, amend au alter: kila kitenzi na fomu yake

Ndugu watazamaji wa nyumbani, karibuni tena. Leo nazungumza hasa na wale mnaojiandaa kuja Marekani, kwa sababu katika mazungumzo yetu neno kubadilisha humaliza kazi nyingi, ilhali Kiingereza cha ofisi za hapa kina vitenzi vinavyofanana sura lakini haviingiliani kazi.

Chukueni change na adjust. Mtu aliyeingia kwa viza ya matembezi, kisha akapata nafasi chuoni na kutaka kubaki akiwa mwanafunzi, huomba change of status kwa fomu I-539, na akikubaliwa bado ni mgeni wa muda. Amehama tu kutoka kundi moja la wageni kwenda jingine. Aliyeingia kihalali akafunga ndoa na raia, naye anataka ukaazi wa kudumu bila kurudi kwao kungoja viza, huomba adjustment of status kwa fomu I-485, ambayo ikipita humpatia green card. Ajabu ni kwamba adjust, tuliyofundishwa darasani kuwa ni kurekebisha kidogo, hapa ndiyo inayobeba badiliko kubwa zaidi. Zitenganisheni kabla hamjaonana na wakili, maana dakika zake si za bure.

Amend ni ya maandishi yaliyokwisha kupokelewa. Ukiwasilisha ritani ya kodi kisha ukagundua kwamba mapato ya kazi ya pili hayakuingia, unajaza fomu 1040-X, yenye safu tatu: kiasi cha awali, tofauti iliyoongezeka au kupungua, na kiasi sahihi, pamoja na nafasi ya kueleza sababu. Cha kwanza hakifichwi. Katiba yao nayo ni hivyo hivyo: Marekebisho ya 21, ya mwaka 1933, yaliyafuta yale ya 18 yaliyopiga marufuku biashara ya pombe, lakini maneno ya yote mawili yanasomeka mpaka leo.

Alter mwachieni fundi cherehani anayepunguza suruali kiuno, ambaye kibao cha dukani kwake huandikwa alterations. Ikitajwa kuhusu hundi, cheti cha kuzaliwa au pasipoti, mara nyingi humaanisha kwamba hati imechezewa, na hilo ni jinai. Kwa hiyo mkimwandikia ofisa kuomba tarehe iliyokosewa katika hati yenu irekebishwe, andikeni correct, kisha ambatisheni nakala ya cheti chenye tarehe sahihi.