Ini Linalobaki Ndilo Linaloamua Tiba

Mhadhara kwa wakazi wa Kondele, Kisumu

Wazee wetu, akina mama na vijana, asanteni kwa kuja kusikia kuhusu saratani ya ini. Mama aliyeketi hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: "Daktari, si ini hukatwa likakua tena? Mbona basi mnawarudisha watu nyumbani bila upasuaji?" Jioni hii nitamjibu yeye, na nyote mtakuwa mmejibiwa.

Ni kweli, mama. Ini zima, yaani lisilo na ugonjwa, likikatwa hata zaidi ya nusu, sehemu iliyobaki hupanuka kwa wiki na miezi hadi ikaweza kazi yote. Shida ni kwamba wagonjwa wetu wengi ini lao si zima. Wengine wameishi na kirusi cha hepatitisi B, kinachoshambulia ini, tangu utotoni bila kujua, wengine ni chang'aa ya miaka mingi. Mahindi yaliyoota kuvu nayo yana sumu ya aflatoksini, na ikikutana na kirusi hicho, hatari ya saratani huzidi maradufu. Kirusi na chang'aa huacha makovu kwenye ini, na ini lenye makovu huwa gumu, halikui upya vizuri. Kwa ini zima, theluthi moja ikibaki inatosha; kwa lenye makovu tunataka ibaki asilimia 40 au zaidi. Na kama macho yamekuwa ya manjano na tumbo limejaa maji, hatukati. Uvimbe wa saratani ungetoka, lakini mgonjwa angetufia kwa ini kushindwa kazi.

Anayefaa kupasuliwa tunamfanyia hivi. Ini lina sehemu 8, kila moja na njia yake ya damu, kwa hiyo twaweza kuondoa mbili na kuziacha sita. Tunachoogopa ni damu. Tunapitisha utepe kwenye mishipa inayoingiza damu kwenye ini, tunaukaza kwa dakika kama 15 huku tukikata, tunaulegeza kwa dakika 5 ini lipate damu, kisha tunakaza tena. Mbinu hiyo ilielezwa mwaka 1908 na daktari Pringle wa Glasgow, kwa ajili ya majeruhi waliopasuka ini, na hadi leo ndiyo tunayoitegemea.

Uvimbe usiozidi sentimita 3 unaweza kuchomwa bila kupasua tumbo: sindano hupitishwa kwenye ngozi, daktari akiifuata kwa altrasaundi, ncha yake ikauunguza uvimbe. Wengi hudhani hiyo ni tiba ya kubahatisha. Sivyo. Kwa uvimbe mdogo, matokeo yake hukaribia ya kisu.

Uvimbe ukiwa mkubwa au mwingi, kuna njia ninayoipenda kwa akili yake. Ini hupata kama robo tatu ya damu yake kupitia mshipa unaotoka kwenye matumbo, lakini saratani hujilisha karibu yote kutoka kwenye ateri, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni. Basi daktari huingiza mrija mwembamba kwenye kinena, akaufikisha kwenye ateri hiyo, akamimina dawa ya saratani na kuziba njia. Uvimbe unakosa lishe, ini linaendelea kulishwa.

Kupandikiza ini huondoa saratani pamoja na makovu. Vigezo vya Milan vya mwaka 1996, vya kumchagua anayefaa kupandikizwa, vinataka uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au hadi mitatu, hakuna unaozidi sentimita 3, na saratani isiwe imeingia mishipani wala kutoka nje ya ini. Ndugu anaweza kutoa kipande cha ini lake. Gharama ni nzito, na kwa familia nyingi za hapa ni harambee.

Ugonjwa ukishasambaa, kuna dawa. Sorafenibu, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, ilirefusha maisha kutoka karibu miezi 8 hadi karibu 11. Tangu 2020 kuna dawa za kuamsha kinga ya mwili zinazofanya vizuri zaidi. Na maumivu yana dawa pia. Mgonjwa asiachwe akilia nyumbani.

Chanjo ya hepatitisi B iliingia katika chanjo za watoto wa Kenya mwaka 2001, hivyo wengi wenu humu hamkuipata utotoni. Pimeni. Mwenye kirusi anaweza kupewa tenofovia, dawa ambayo kliniki za ARV zinaijua vizuri. Mwenye ini la makovu apigwe altrasaundi kila miezi 6, hata akijisikia mzima.

Ukiambiwa una uvimbe, muulize daktari: una ukubwa gani, na ini lililobaki lina hali gani? Majibu yaandikwe kwenye barua ya rufaa, nawe ubebe picha zenyewe, si ripoti pekee.