Huyu wa Bustanini Si Yule wa Taita

Kabla sijaanza, hebu tazameni dirishani, pale kwenye nyasi karibu na bomba. Mmemwona? Anakimbia hatua tatu, anasimama, anainamisha kichwa, anachomoa mnyoo. Huyo ndiye ndege aitwaye mkesha (si ule wa kanisani, nawaona mnacheka) na huyo ndiye anayeniharibia kazi hapa Nairobi.

Maana nikizungumza juu ya nduguye, mkesha wa Taita, aliye hatarini kutoweka kule milima ya Taita, kusini mwa Kenya, lazima mzee mmoja ainue mkono. Juzijuzi alisimama mmoja: "Mwalimu, huyo ndege unayemlilia amejaa kwangu. Nitakukamatia kumi, upande nao treni hadi Voi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nami nikacheka. Kisha nikamuuliza, mzee wangu, chini ya miti yako kuna majani makavu? Akajibu kwa fahari kwamba kijana wake hufagia kila asubuhi.

Basi! Huyu wetu hapo hapo kwenye uwanja uliofagiwa ndipo anaposhiba. Yule wa Taita, mwenye kichwa na kifua cheusi, ubavu wa rangi ya kutu na tumbo jeupe, hula kwenye kivuli kizito akipekua majani yanayooza. Ukifyeka kivuli hicho, hahamii uani kwako. Anakwisha.

Mtasema wataalamu wenyewe zamani waliwahesabu wote spishi moja. Ni kweli. Walijisahihisha, nanyi jisahihisheni. Huyu wa bustanini yuko Ethiopia, yuko Uganda, yuko Tanzania, hana shida. Yule hana kwao kwingine duniani ila vipande vya msitu vya milima ya Taita: Mbololo, Ngangao, Chawia na kijipande cha Yale. Mbololo ndiyo kubwa, hekta 220 hivi. Karura, msitu wetu hapa Nairobi, inapita 1,000, na bado tunalalamika ni ndogo!

Na asiniambie mtu "tupande miti." Ipi? Mikaratusi na misonobari ilishapandwa kule. Ukiwa mbali unaona kijani, ukiingia chini yake hakuna cha kupekua.

Chawia nilitaka niieleze vizuri. Ndege wamebaki wachache, na walipopimwa miguu, wa kulia na wa kushoto ilitofautiana zaidi kuliko ya wenzao wa Mbololo, dalili ya kukua kwa dhiki... Haya, mwenyekiti ananionyesha saa. Habari ya kuunganisha vipande hivyo kwa miti ya asili naiacha.

Maswali. Ndiyo, mzee wa nyuma. Lakini kama ni habari ya treni, keti.